Usharika wa Mother Emanuel baada ya Juni 2015: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Habari za usharika wa Mother Emanuel wa Charleston, katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, zimesimuliwa katika mahubiri mengi, yakiwamo yale ya makanisa yetu ya Afrika Mashariki. Mara nyingi husimuliwa kwa kifupi: mtu mwovu aliingia kanisani akaua, waumini wakamsamehe, Mungu akatukuzwa. Maneno hayo si ya uongo, lakini yameacha nje miaka ya kazi ngumu iliyofuata, na ndiyo miaka ambayo wazee wa kanisa, wachungaji na wafiwa wa mahali pengine wanahitaji zaidi kuijua. Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa kwa ajili yao.

Ni usharika gani huu, na ni jambo gani lililoupata?

Jina lake kamili ni Emanuel African Methodist Episcopal Church, nao uko katika mtaa wa Calhoun, katikati ya mji wa Charleston. Ni usharika wa Kanisa la AME, Kanisa la Kimethodisti lililoanzishwa na Wamarekani weusi waliochoka kubaguliwa katika ibada, na ambalo Richard Allen aliwekwa kuwa askofu wake wa kwanza huko Philadelphia mwaka 1816.

Jioni ya Jumatano, tarehe 17 Juni 2015, baada ya kikao cha robo mwaka cha usharika, watu 12 walibaki katika ukumbi wa chini kwa ajili ya funzo la Biblia. Kijana mzungu wa miaka 21, ambaye hakuna aliyemfahamu, aliingia akakaribishwa, akapewa Biblia na kuketi karibu na mchungaji. Alikaa nao muda unaokaribia saa nzima wakijifunza Marko sura ya 4, mfano wa mpanzi. Walipofumba macho kwa sala ya kufunga, alitoa bastola akawafyatulia risasi. Watu 9 walikufa. Watatu waliokuwa ukumbini walinusurika: Felicia Sanders, mjukuu wake wa kike mwenye umri wa miaka 11 ambaye bibi huyo alimkumbatia sakafuni akimwambia ajifanye amekufa, na Polly Sheppard, ambaye muuaji alimwambia kwamba anamwacha ili asimulie yaliyotokea. Mke wa mchungaji na binti yao mdogo walijificha ofisini nao wakapona. Muuaji alikamatwa asubuhi iliyofuata katika mji wa Shelby, North Carolina, na akakiri kwamba aliwaua kwa sababu ya chuki ya rangi. Jina lake halitaandikwa hapa, kwa kuwa lipo tayari katika magazeti ya kutosha na halina faida kwa msomaji wa ukurasa huu.

Kwa nini usharika huu huitwa Mama?

Kwa sababu ni miongoni mwa sharika za kale kabisa za AME katika eneo lote la kusini mwa Marekani, na sharika nyingine zimezaliwa kutokana nao. Umri huo una maana kubwa katika habari hii, kwa sababu mwaka 2015 haukuwa mara ya kwanza kwa watu hao kuvamiwa. Katika muongo wa 1810 Wakristo weusi wa Charleston walijitenga na Wamethodisti wazungu kutokana na ugomvi wa eneo la makaburi, wakawa na kanisa lao chini ya Morris Brown. Mwaka 1822 mmoja wa washarika, Denmark Vesey, aliyekuwa mtumwa akanunua uhuru wake, alishitakiwa kwamba anapanga uasi wa watumwa. Yeye na wenzake, jumla watu 35, walinyongwa, na jengo la kanisa likaharibiwa. Mwaka 1834 makanisa ya watu weusi yalipigwa marufuku, na waumini wakasali kwa siri hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, ndipo wakajipanga upya na kujiita Emanuel, yaani Mungu pamoja nasi. Tetemeko la ardhi la mwaka 1886 lilibomoa jengo lililofuata, na lile linaloonekana leo lilianza kujengwa mwaka 1891.

Kwa hiyo, waliposema mwaka 2015 kwamba ibada itaendelea, hawakuwa wakitoa maneno ya kujikaza tu mbele ya kamera. Walikuwa wakitaja desturi ya usharika wao.

Waliouawa walikuwa kina nani, na usharika ulipoteza nini hasa?

Ni haki yao kutajwa wote. Mchungaji Clementa Pinckney, 41, aliyekuwa pia mjumbe wa seneti ya jimbo. Cynthia Hurd, 54, mkutubi aliyefanya kazi katika maktaba za umma kwa miaka 31. Susie Jackson, 87, aliyekuwa mkubwa wao wote kwa umri. Ethel Lance, 70, aliyetunza usafi wa jengo la kanisa. DePayne Middleton-Doctor, 49. Tywanza Sanders, 26, mtoto wa Felicia Sanders. Mchungaji Daniel Simmons, 74, mstaafu aliyeendelea kuhudumu. Sharonda Coleman-Singleton, 45, mhudumu wa neno na kocha wa riadha katika shule ya sekondari. Na Myra Thompson, 59, ambaye ndiye aliyeongoza funzo jioni ile.

Ukiisoma orodha hiyo kwa macho ya mzee wa kanisa utaona jambo ambalo habari za magazeti hazikulikazia. Mchungaji kiongozi aliuawa, na pamoja naye karibu wahudumu wote waliomsaidia katika neno. Msiba unapoingia katika nyumba ya mshirika, watu kama hao ndio wanaokwenda kwanza, ndio wanaojua nani ana shinikizo la damu, nani hasemezani na kaka yake, mtoto gani atahitaji mtu wa kukaa naye usiku. Usharika ulifiwa, na papo hapo ukanyang'anywa waliozoea kuufariji. Mengi yaliyokwenda vibaya baadaye hayawezi kueleweka bila kukumbuka hilo.

Ibada ilirudi lini?

Jumapili iliyofuata, tarehe 21 Juni 2015, siku nne tu baada ya mauaji. Mchungaji Norvel Goff, aliyekuwa msimamizi wa sharika za eneo hilo na ambaye alikuwa ameongoza kikao cha jioni ile kabla ya kuondoka, ndiye aliyehubiri, na kengele za makanisa mbalimbali ya mji zikapigwa asubuhi hiyo. Jumatano, tarehe 24 Juni, funzo la Biblia lilifanyika tena katika ukumbi uleule, safari hii likihudhuriwa na watu zaidi ya 100. Ijumaa yake, Rais Barack Obama alitoa hotuba ya mazishi ya Mchungaji Pinckney na mwishoni akaimba Amazing Grace.

Kurudi mapema kiasi hicho kuliwapa wengi nguvu, na sioni sababu ya kulaumu uamuzi huo. Hata hivyo, si kila mfiwa aliweza kuingia tena katika jengo lile wiki hiyo, na wapo waliohitaji miezi mingi. Usharika unaoamua kufungua milango upesi unapaswa kusema waziwazi, tena kwenye matangazo ya ibada, kwamba asiyeweza kuja bado hajahesabiwa kuwa amepungukiwa na imani.

Je, ni kweli kwamba waumini walimsamehe muuaji ndani ya siku mbili?

Ni kweli kwa baadhi yao, na inafaa kueleza jinsi ilivyokuwa. Tarehe 19 Juni 2015 muuaji alifikishwa kwa njia ya video mbele ya hakimu kwa ajili ya suala la dhamana. Hakimu aliwauliza wawakilishi wa familia kama wangependa kusema neno. Hawakuwa wamekubaliana mapema juu ya maneno ya kusema, wala hakuna mchungaji aliyewaandalia hotuba. Nadine Collier, binti wa Ethel Lance, alisimama kwanza. Alieleza kwamba hataweza tena kuzungumza na mama yake wala kumkumbatia, kisha akasema kwamba anamsamehe muuaji. Anthony Thompson, mume wa Myra, alisamehe pia na kumsihi kijana yule atubu. Felicia Sanders, aliyemwona mwanawe akifa, alimkumbusha kwamba walimpokea kwa mikono miwili, akamwombea rehema za Mungu. Bethane Middleton-Brown, dada wa DePayne, alikiri mbele ya mahakama kwamba ana hasira nyingi, na kwamba ni dada yake aliyemfundisha kuwa familia yao imejengwa kwa upendo, wala haina nafasi ya chuki.

Maneno yale yalisambaa duniani kote siku hiyohiyo. Yalikuwa maneno ya kweli ya watu waliolelewa katika sala ya Bwana tangu utotoni, na mtu yeyote anayeyafanya kuwa udhaifu au hofu ya mtu mweusi mbele ya mzungu hajawasikiliza. Lakini kosa la pili ni kubwa vilevile, nalo ni la kuyafanya kuwa kauli ya usharika mzima. Waliozungumza walikuwa watu wachache, kila mmoja akijisemea mwenyewe au kuisemea nyumba yake. Malcolm Graham, ndugu wa Cynthia Hurd, amesema hadharani kwamba yeye hakusamehe. Sharon Risher, binti mwingine wa Ethel Lance na mchungaji aliyekuwa akihudumia wagonjwa hospitalini, alieleza kwamba kauli ya Nadine ilimshtua, na kwamba yeye alihitaji miaka kabla ya kufika mahali pa kusamehe. Watoto wawili wa mama mmoja, waliolelewa katika kanisa moja, walitembea kwa mwendo tofauti kabisa.

Je, mfiwa asiyesamehe bado ana nafasi kanisani?

Ana nafasi, tena kanisa lina wajibu wa kumlindia nafasi hiyo. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana hata lini, na Zaburi ya 88 inakwisha gizani bila neno la faraja, na zote mbili zimo katika Biblia ileile yenye agizo la kusamehe saba mara sabini. Bwana Yesu alitoa agizo hilo kwa mtu aliyeuliza kuhusu moyo wake mwenyewe. Petro hakuuliza amsamehe nani kwa niaba ya jirani.

Hatari iliyojitokeza Charleston, na ambayo hujitokeza katika kila usharika uliopata msiba wa namna hii, ni kwamba msamaha wa wachache unageuzwa kuwa kipimo cha wote. Mwandishi wa habari anamfuata mjane kumuuliza kama naye amesamehe. Mshirika anamwambia mwenzake kwamba hasira yake inaliaibisha kanisa. Hatimaye anayeumia anajifunza kunyamaza au kwenda kusali mahali pengine. Mchungaji anayetaka kuzuia hilo hahitaji mafundisho mapya. Anahitaji kuketi na yule mwenye hasira, kumsikiliza hadi amalize, na kuondoka bila kumdai jibu.

Nani aliyeuongoza usharika baada ya mchungaji kuuawa?

Katika Kanisa la AME mchungaji hachaguliwi na washarika wake. Askofu ndiye anayempangia kituo, na anaweza kumhamisha katika mkutano wa mwaka, utaratibu ambao Wamethodisti na Walutheri wa kwetu wanaufahamu vizuri. Mchungaji Goff aliushika usharika kwa muda hadi Januari 2016. Akafuata Mchungaji Betty Deas Clark, mwanamke wa kwanza kuuongoza usharika huo, ambaye alihudumu kwa miezi michache tu. Juni 2016 akapangwa Mchungaji Eric Manning.

Maana yake ni kwamba, ndani ya mwaka mmoja tu baada ya mauaji, usharika ulikuwa umeongozwa na watu watatu. Uhamisho wa wachungaji ni jambo la kawaida na lina faida zake, lakini mfiwa aliyesimulia habari yake kwa mchungaji mmoja alilazimika kuanza upya kwa mwingine, kisha kwa mwingine tena. Askofu au mkuu wa jimbo anayesoma habari hii angefanya vyema kufikiria kumpa usharika uliojeruhiwa mchungaji mmoja atakayeahidiwa miaka kadhaa, na kumpunguzia kazi nyingine zote.

Fedha za rambirambi zilikwenda wapi?

Hili ndilo swali ambalo watu huona aibu kuliuliza, na ndilo lililoleta maumivu mengi zaidi baada ya mazishi. Barua, kadi na hundi zilimiminika kutoka kila pembe ya Marekani na nje yake. Nyingine zilitumwa kwa kanisa, nyingine kwa familia fulani kupitia anwani ya kanisa, nyingine kwa mfuko uliofunguliwa na serikali ya mji. Mfuko huo wa mji ulikuwa na kusudi lake na utaratibu wake. Zilizofika kanisani ndizo zilizozua maswali: nani anafungua bahasha, nani anahesabu, na aliyeandika kwenye hundi jina la kanisa alikuwa amekusudia nini, paa la jengo au watoto waliofiwa na mama?

Baadhi ya wafiwa na manusura walieleza hadharani kwamba hawakupewa majibu, na mmoja wa wafiwa alikwenda mahakamani kudai mahesabu yawekwe wazi. Novemba 2015 kanisa lilitangaza kwamba, kati ya zaidi ya dola milioni 3 zilizokuwa zimepokelewa, dola milioni 1.5 zingegawiwa kwa familia za waliouawa na manusura. Wapo walioridhika, na wapo walioona kwamba tangazo lilichelewa na kwamba walipaswa kushirikishwa kabla ya uamuzi, si baada yake.

Ninalitaja jambo hili kwa heshima, kwa maana waliokuwa wakizipokea fedha zile walikuwa na msiba pia, na hakuna katiba ya usharika inayomwandaa mweka hazina kupokea magunia ya barua katika wiki ya mazishi. Lakini Paulo alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, akaeleza sababu katika 2 Wakorintho 8: mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama hiyo, kwa kuwa alitaka mambo yaonekane kuwa mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Agizo hilo linatekelezeka katika usharika wowote. Kabla ya mazishi ya kwanza, baraza la wazee lifungue akaunti mbili, moja ya wafiwa na moja ya kanisa. Bahasha zifunguliwe na watu watatu au zaidi wasio na udugu, pakiwa na mtu wa kutoka nje ya usharika. Hundi au pesa ya simu iliyotumwa kwa jina la mfiwa impate mfiwa siku hiyohiyo bila kupitia kamati. Mahesabu yasomwe kwa wafiwa kwanza, faraghani, kisha kwa usharika wote, na yasomwe hata kama hakuna aliyeyauliza.

Je, fidia ya dola milioni 88 ililipwa kwa kanisa?

Hapana. Fidia hiyo, iliyotangazwa Oktoba 2021, ilitoka kwa serikali ya Marekani kwenda kwa familia za waliouawa na manusura: dola milioni 63 kwa familia na dola milioni 25 kwa manusura. Walikuwa wameishitaki serikali kwa sababu muuaji hakupaswa kisheria kuuziwa ile bastola, na uchunguzi wa FBI ulishindwa kumzuia kwa wakati. Fidia na rambirambi ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya kumewafanya watu wengine kudhani kwamba usharika umetajirika.

Muuaji alihukumiwa nini, na wafiwa walikubaliana na hukumu hiyo?

Desemba 2016 alitiwa hatiani katika mahakama ya shirikisho kwa mashitaka yote 33, na Januari 2017 akahukumiwa kifo. Aprili mwaka huohuo alikiri pia mashitaka ya jimbo na kupewa vifungo tisa vya maisha. Desemba 2024 Rais Joe Biden alipobadilisha hukumu za kifo za wafungwa 37 kati ya 40 wa shirikisho kuwa vifungo vya maisha, huyu alikuwa miongoni mwa watatu waliobaki na hukumu yao.

Wafiwa hawakuwa na msimamo mmoja. Wapo waliomsamehe na kupinga anyongwe, wapo waliomsamehe na kuona kwamba sheria ifuate mkondo wake, na wapo ambao hawakusamehe wala hawakutaka kusikia tena habari zake. Kusamehe na kudai haki mahakamani viliketi katika mtu mmoja, na pengine katika benchi moja la mahakama, bila kupingana.

Kwa nini baadhi ya manusura na wafiwa waliacha kusali Emanuel?

Sababu walizozitaja wenyewe ni kadhaa: kutotembelewa vya kutosha, suala la fedha, mabadiliko ya wachungaji, na jengo lenyewe ambalo kila kona yake ilikuwa na kumbukumbu. Zaidi ya hayo, ibada za Jumapili zilijaa wageni waliotoka mbali kuja kuona mahali palipotokea mauaji, kiasi kwamba mshirika wa miaka arobaini angeweza kukuta kiti chake kimekaliwa na mtu mwenye kamera.

Kuondoka kwao hakukuwa kuasi imani. Waliendelea kusali katika makanisa mengine ya mji. Usharika unaotaka kusonga mbele haupaswi kuwataja watu kama hao kuwa wametoroka, wala kuwafuta katika orodha ya kuwaombea, na siku ya kumbukumbu ya kila mwaka mialiko iwafikie wao kabla ya wanasiasa. Hilo la wanasiasa linastahili kukaziwa, kwa sababu hata kwetu viti vya mbele kwenye ibada za misiba mikubwa hupangiwa wakubwa, na mama wa marehemu husogezwa safu ya nne.

Je, walifunga milango au kuweka ulinzi?

Waliweka ulinzi na kuendelea kupokea wageni. Makanisa ya Nairobi na Mombasa yaliyoanza kukagua mikoba baada ya mashambulizi ya miaka ya 2012 na 2013 yanaijua hali hiyo. Mgeni anaweza kupitishwa kwenye ukaguzi na bado akakaribishwa kwa jina, mradi kazi ya mlangoni ifanywe na mtu wa kanisa akiwa pamoja na mlinzi.

Nini kilibadilika nje ya kanisa?

Kilicho dhahiri zaidi ni bendera ya majeshi ya kusini, yaliyopigana kutetea utumwa, ambayo iliteremshwa kutoka uwanja wa bunge la South Carolina tarehe 10 Julai 2015. Mwaka 2020 sanamu ya John C. Calhoun, mtetezi wa utumwa ambaye mtaa wa kanisa unaitwa kwa jina lake, iliondolewa karibu na hapo. Sheria ya ununuzi wa silaha, ambayo baadhi ya wafiwa wameipigania kwa miaka, imebadilika kidogo sana kuliko walivyoomba.

Jengo na kumbukumbu vimefikia wapi?

Mchungaji Manning alilazimika kuchangisha fedha kwa ajili ya jengo lenyewe, ambalo mbao zake zilikuwa zimeliwa na mchwa, jambo linaloonyesha jinsi kazi ya kawaida ya kanisa isivyosubiri majonzi yaishe. Pembeni ulipangwa mnara wa kumbukumbu uliochorwa na Michael Arad, yuleyule aliyechora kumbukumbu ya waliouawa New York mwaka 2001. Mchoro ulionyeshwa mwaka 2018, na ujenzi ukazinduliwa mwaka 2023. Una mabenchi mawili marefu yanayotazamana, chemchemi iliyozungukwa na majina tisa, na bustani kwa ajili ya manusura. Sehemu hiyo ya manusura ni uamuzi wa busara, kwa sababu kumbukumbu nyingi huwasahau waliobaki hai.

Mwaka 2018, Wayahudi 11 walipouawa katika sinagogi la Tree of Life huko Pittsburgh, Mchungaji Manning alisafiri kwenda kukaa na waombolezaji.

Habari hii inatuhusu vipi sisi wa Afrika Mashariki?

Inatuhusu kwa sababu nasi tumezika watu waliouawa wakiwa kanisani. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kenya Assemblies of God la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa wanawake na watoto waliokimbia ghasia za uchaguzi. Tarehe 1 Julai 2012 waumini walishambuliwa makanisani Garissa. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, Arusha, siku ya kuzinduliwa kwake, mbele ya balozi wa Papa, na watu watatu wakafa. Kiambaa kuna ugumu ambao Charleston haikuwa nao: walioshambulia walikuwa majirani, na baada ya hapo watu walipaswa kuchota maji kwenye kisima kimoja. Msamaha wa mahali hapo unahitaji masharti mengine, ya ardhi, ya ng'ombe, ya nani anarudi kwenye shamba lake, na wachungaji waliofanya kazi hiyo kwa miaka wanastahili kusikilizwa kuliko mfano wowote kutoka ng'ambo.

Je, mchungaji wetu anaweza kuitumia habari ya Emanuel katika mahubiri ya msamaha?

Anaweza, na itawafaa wasikilizaji akiisimulia yote. Amtaje Nadine Collier aliyesamehe na Sharon Risher aliyechukua miaka. Aseme kwamba palikuwa na mabishano ya fedha na kwamba watu waliondoka. Aeleze kwamba waliosamehe walisema wenyewe, bila kulazimishwa wala kuombwa na kiongozi wa dini. Na ikiwa usharika wake mwenyewe upo katika wiki au miezi ya kwanza ya msiba wake, aiweke habari hiyo kando kwa muda, asome Zaburi pamoja na watu wake, na muda atakaoupata autumie kutembelea nyumba moja baada ya nyingine, akianza na ile ambayo haijaonekana ibadani tangu mazishi.